Pongezi kwa Waganga wa Mulago

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa amtazame mtoto aliyevimba taya kushoto na kulia, juu na chini. Mwaka uliofuata alichapisha habari za uvimbe huo, saratani ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt. Jina alipata yeye. Kazi ngumu ya miaka mingi ikabaki kwa wengine, na hao ndio ninaowapongeza.

Mwaka 1967 hapo Mulago kilianzishwa kituo cha kutibu limfoma, ambacho sasa ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Uvimbe huu waweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, lakini huyeyuka upesi kwa dawa, bila kisu. Madaktari wageni walipoondoka enzi za utawala wa Idi Amin, daktari Charles Olweny na wenzake Waganda walibaki na wagonjwa wao.

Mzazi, taya likivimba, tumbo likiwa na uvimbe mgumu, au mboni ya jicho iking'aa nyeupe pichani (dalili ya saratani nyingine ya watoto), usingoje. Mpeleke mtoto hospitali leo.