Kiima cha Uhuru

Ripoti ilikuwa ya kurasa nne, imechapwa vizuri, imebanwa pini pembeni. Mwalimu hakuisoma. Aliilaza kifudifudi mezani, akaiwekea kamusi juu isipeperuke, kisha akamgeukia binti aliyeketi naye barazani.

"Haya, mjukuu wangu, nihadithie."

"Si yote yamo humo, Mwalimu?"

"Humo nitaingia baadaye. Nihadithie wewe."

Binti alisitasita, akaanza. Kwa muda wa kama robo saa mikono yake ilizungumza pamoja naye: kijiji kikavamiwa, watu wakafungwa, safari ndefu ya miguu hadi pwani, jahazi, manowari ya Waingereza ikilifukuza jahazi hilo, na mwisho wa yote nchi kavu ya Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, si mbali na nyumbani kwao. Alipomaliza akasema, kama anayetubu, kwamba kitabu kilimwacha na hasira, wala hakujua amkasirikie nani. Mwalimu akainua kamusi, akageuza karatasi, akasoma kurasa zote nne bila kugusa penseli. Hasira ile haikuwamo. Mlikuwa na dhamira, ujumbe, wahusika, mandhari na mafunzo, kila kimoja chini ya kichwa chake, kama vyombo vilivyooshwa na kupangwa kabatini kabla mtu hajala.

Kazi hii haina jina la heshima. Seremala anaitwa fundi, fundi cherehani anaitwa fundi, hata anayeziba pancha kando ya barabara anaitwa fundi. Lakini mtu anayekaa na mtoto wa jirani jioni nzima, akamsaidia kuirudia ripoti yake mpaka isimame, huitwa mwalimu tu, na akishastaafu huwa mwalimu wa bure. Hata hivyo ni ufundi kamili. Una zana zake, una mwendo wake, na una makosa ambayo mwanagenzi huyafanya na bingwa hayafanyi. Kosa kubwa kuliko yote ni kuchukua kalamu na kuandika kwa niaba ya mtoto.

Zana za mwalimu huyu ni penseli, kifutio na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliyokwisha kuachana na jalada lake. Wino mwekundu haugusi. Alisahihisha mitihani kwa wino mwekundu miaka mingi, mstari chini ya kosa la hijai, mstari chini ya kosa la sarufi, na anasema wino ule ulikuwa wa kuhesabu alama. Penseli hufutika, na mtoto akiona alama inayofutika hujua bado ana nafasi ya kubisha.

Kitabu chenyewe kilikuwa *Uhuru wa Watumwa* cha James Juma Mbotela, kilichochapishwa London mwaka 1934. Hutajwa miongoni mwa kazi ndefu za kwanza za nathari ya Kiswahili kuandikwa na Mwafrika, na mtu anaweza kubishana mpaka usiku kama ni riwaya, ni kumbukumbu za ukoo, au ni historia iliyovaa kanzu ya hadithi. Mbotela alikuwa mzao wa watumwa walioachwa huru. Kijiji chao cha Freretown, huko Kisauni, kilianzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) mwaka 1875, na jina kikapewa la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash aache biashara ya watumwa. Kengele iliyowekwa hapo kuwaonya wakazi wavamizi wakija imeacha jina la Kengeleni, jina ambalo makanga wa matatu hulipigia kelele kutwa nzima.

Alama ya kwanza ya penseli iliangukia kwenye mandhari. Binti aliandika kwamba mandhari ya riwaya hii ni Afrika Mashariki. Pembeni mwalimu akaandika neno moja: "Wapi?" Binti aliporudi siku ya pili, sentensi ilisema Freretown. Pembeni pakatokea tena: "Wapi?" Akakasirika, na alikuwa na haki. Akaondoka akinung'unika. Siku ya tatu alikuja na aya nzima juu ya njiapanda ya Kengeleni, mnara wa kengele, na matatu anayopanda kila asubuhi kwenda shule, miaka yote ile, bila kugeuza shingo. Mwalimu hakuongeza neno. Alifuta "Wapi?" zote mbili kwa kifutio, akapuliza vumbi lake.

Mwenye haraka angemwandikia mtoto aya hiyo kwa dakika tano, na huenda ikawa nzuri zaidi. Ingekuwa aya ya mtu mwingine.

Kisha ikaja miaka, na hapo ndipo ripoti ya riwaya ya kihistoria humtoa mtu jasho. Sentensi ya binti ilisema: "Utumwa ulikwisha mwaka 1873, Mbotela akaandika riwaya hii." Kisarufi haina kasoro. Mwalimu aliizungushia mkato wake duara dogo, akauliza mkato huo umebeba nini. Mkataba wa Juni 1873 ulifunga soko la watumwa la Zanzibar na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Utumwa wenyewe haukufungwa siku hiyo. Sheria iliuondolea uhalali Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Kati ya soko kufungwa na sheria ya mwambao kuna miaka 34, muda wa kutosha mtu kuzaliwa mtumwa, kuoa na kuzaa. Na kati ya mkataba na kitabu kuna miaka 61. Mkato mmoja ulikuwa umewameza watu wa vizazi viwili.

Hakuishia hapo. Alimtaka binti atofautishe wakati wa tukio na wakati wa kuandikwa, kwa sababu msimuliaji wa mwaka 1934 alikuwa akiandika katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza, kitabu chake kikichapishwa kwa Waingereza. Wahakiki wengi wamemlaumu Mbotela kwa sifa alizowamwagia wakombozi wa manowari na kwa sura moja tu ya ukatili aliyowapa Waarabu. Lawama hiyo ni rahisi kuinukuu. Kazi ilikuwa kumfanya mwanafunzi aione mwenyewe ndani ya kitabu, kisha ajiulize kama mtu ambaye watu wake waliteremshwa salama kutoka jahazini angeandika vinginevyo. Ile hasira isiyojua imwendee nani ilianza kupata njia.

Lakini jioni iliyokaa zaidi akilini mwa waliokuwapo barazani ni ile ya kitenzi. Ukurasa wa tatu ulikuwa na sentensi fupi: "Waingereza waliwapa watumwa uhuru." Mwalimu aliipigia mstari mwembamba chini.

"Kiima ni nani?"

"Waingereza."

"Na watumwa wanafanya nini katika sentensi yako?"

Binti akaitazama. "Wanapokea."

"Tangu mwanzo mpaka mwisho?"

Ndipo akamsimulia habari za Rabai, mwendo mfupi kutoka hapo walipoketi. Watumwa waliowatoroka mabwana zao wa pwani walikimbilia huko kwenye misheni, wakajenga, wakalima. Hawakungoja manowari. Walipokuwa wengi mno kurudishwa, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikishika utawala wa pwani ililazimika kuwalipa mabwana fidia, na mwanzoni mwa mwaka 1889 watoro zaidi ya elfu moja wakapewa hati za uhuru. Hati walipewa, ndiyo. Uhuru wenyewe walikuwa wameutembelea kwa miguu, usiku, kabla hati haijaandikwa.

Kiswahili kina neema yake katika jambo hili, na ni masikitiko kwamba wanafunzi hufundishwa mnyambuliko wa vitenzi kama adhabu. Walikombolewa. Walijikomboa. Waliachwa huru. Walitoroka. Badili kiambishi kimoja na historia nzima inageuka upande. Binti alijaza nyuma ya karatasi yake kwa vitenzi hivyo, akauliza kipi ndicho sahihi. Mwalimu akamjibu aandike vyote, kila kimoja na mwenyewe: hawa wa jahazini wapewe chao, na wale wa Rabai wapewe chao. Kisha akamwonyesha jambo ambalo huenda hata Mbotela hakulikusudia. Jina *Uhuru wa Watumwa* halisemi nani alitoa wala nani alitwaa. Ile "wa" imekaa kimya katikati. Kitabu kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1956, kimya hicho kilivunjwa, jina likageuka kuwa habari ya kuwaacha watumwa huru. Binti, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, alikuwa ametafsiri vivyo hivyo kichwani mwake, bila kujua.

Wanaopenda asili ya maneno watafurahi kusikia kwamba uhuru na kuhariri ni ndugu. Yote mawili yametoka katika mzizi wa Kiarabu wa h, r, r, na kwa Waarabu neno tahrir hadi leo lina maana mbili, ukombozi na uhariri. Uwanja wa Tahrir wa Cairo haukuitwa hivyo kwa sababu ya magazeti. Hariri ya nguo nayo huandikwa kwa herufi hizo hizo, ila hiyo ni biashara nyingine.

Mwalimu mwenyewe alifunzwa na nani? Ana daftari moja alilolihifadhi tangu miaka ya sitini, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Ndani mna insha yake ya utotoni kuhusu siku Wareno walipoiacha Ngome ya Yesu. Ilianza kwa jua kali na watu waliotokwa jasho. Pembeni, kwa mwandiko uliolala upande, mwalimu wake alikuwa ameandika: "Ulikuwapo?"

Basi. Hapakuwa na alama ya kosa wala maneno ya kumtia moyo. Mtoto yule alilia kwanza, kisha akaenda kuwauliza wazee jua la mwezi ule huwaje, akajua kwamba Ngome ilitekwa na Waomani mwezi wa Desemba mwaka 1698, halafu Wareno wakairudia mwaka 1728 na kuitoka tena mwaka uliofuata, akatambua kwamba hakuwa amesema ni kuondoka kupi. Swali la neno moja lilimpeleka mbali kuliko somo zima. Anapolionyesha daftari hilo hulifungua kwa vidole viwili kama anayeshika bawa la kipepeo, na wageni hujifanya wanasoma insha, kumbe macho yote yako pembeni.

Mwandiko wa pembeni siku hizi ni adimu. Walimu wana madarasa yaliyofurika, na si haki kumlaumu mtu mwenye madaftari mlima mezani na siku moja ya kuyarudisha. Lakini ufundi haukuuawa na wingi peke yake. Umeuawa pia na miongozo inayouzwa na dhamira zake zikiwa tayari, na simu ambayo hukupa ripoti ya kitabu usichokifungua, yenye sentensi laini zisizo na hata kwikwi moja. Ukizisoma huna pa kuweka penseli. Hakuna aliyekosea, kwa sababu hakuna aliyesema. Mwalimu wa Kisauni anasema angependa makosa kumi ya mtoto aliyesoma kuliko ukurasa safi wa namna hiyo, kwa kuwa kosa lina mlango wa kuingilia.

Ripoti ya binti iliandikwa mara nne. Ya mwisho ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, bila vichwa vya dhamira na ujumbe, na hasira yake ilikuwamo, ukurasa wa mwisho, ikiwa imegawanywa kwa uangalifu kati ya watu watatu. Makosa ya hijai yalishughulikiwa mwisho kabisa, kwa dakika chache, maana hakuna faida kunyoosha herufi za sentensi itakayofutwa. Kisha ikapelekwa shuleni.

Ilirudi baada ya majuma mawili. Tiki moja kila ukurasa, kubwa, ya kalamu nyekundu, iliyochorwa kwa mkono wenye mbio. Mwisho: 17/20, Vizuri. Binti aliileta barazani kwa furaha, na mwalimu akafurahi naye, akamwita bibi wa nyumba aje aone, chai ikaletwa. Ndipo alipokuwa akiirudia polepole, miwani imeshuka puani, akafika ukurasa wa pili na kusimama. Katika kuichapa upya kwa mara ya mwisho, mkono wa binti ulikuwa umeteleza. Mkataba wa Sultani Barghash ulikuwa umetiwa sahihi mwaka 1837, na ile tiki nyekundu ilikuwa imepita juu ya tarakimu hizo, mguu wake mrefu umelala kati ya nane na tatu.

"Ah, Mwalimu," binti akasema, "alama si zimeshatolewa?"

Mwalimu alikuwa akipapasa mfuko wa shati kutafuta penseli.