Tangu Lini? Prozac na Ritalin katika vitabu viwili vya Elizabeth Wurtzel

Elizabeth Wurtzel aliandika vitabu viwili kuhusu vidonge. Cha kwanza, Prozac Nation, kilitoka mwaka 1994, mwandishi akiwa bado hajafikisha miaka 30. Kinasimulia sonona iliyomwandama tangu utotoni hadi chuoni Harvard. Cha pili, More, Now, Again, kilitoka mwaka 2002 na kinasimulia uraibu wa Ritalin. Kile cha kwanza kilimpa jina, kikatengenezewa filamu, na hadi leo vijana wanakisoma. Cha pili kilichapwa bakora na wahakiki, kisha kikasahaulika.

Kitabu hiki cha pili hakikustahili kusahauliwa hivyo. Si kwamba ni bora kuliko cha kwanza. Kinajirudia, kina kurasa nyingi za mtu anayezunguka chumba kilekile, na msimulizi wake huchosha. Lakini vitabu hivi vikisomwa pamoja, vinafungua swali ambalo kila kimoja peke yake hakilifikii: mtu anaposema "siwezi kutuliza akili, siwezi kuanza kazi, siwezi kumaliza", tunajuaje kama ni sonona, ni ADHD, au ni vyote viwili? Na tukikosea kujua, anatibiwa nini?

Tuanze na kile cha kwanza. Nguvu ya Prozac Nation ni kwamba haitafuti kupendwa. Msimulizi analia, anadai, anawachosha rafiki zake, anajua kwamba anawachosha, na bado anaendelea. Kabla yake, masimulizi mengi ya sonona yaliandikwa kwa sauti ya mtu mzima aliyekwisha kupona na kuvaa suti. William Styron, katika Darkness Visible ya mwaka 1990, aliandika kwa utulivu wa mzee anayetazama nyuma. Wurtzel aliandika akiwa bado matopeni. Ndiyo maana vijana walimwelewa.

Prozac yenyewe inaingia kwa kuchelewa. Marekani iliiidhinisha mwishoni mwa mwaka 1987, na Wurtzel akawa miongoni mwa wagonjwa wa mwanzo kuipata. Inamtoa shimoni. Ila mwandishi anakataa kuifanya dawa kuwa malaika: kitabu kinapofungwa, tayari ana wasiwasi na nchi ambayo kila mtu anaimeza. Huo ni uaminifu unaostahili sifa. Lakini ukifunga kitabu unabaki na hisia kwamba hadithi imekamilika: ugonjwa ulikuwa mmoja, dawa ikapatikana, msichana akaandika.

More, Now, Again inakuja kuikanusha tamati hiyo. Msimulizi sasa ana umaarufu, ana fedha, anameza dawa zake za sonona. Hata hivyo amepoteza kazi zake za magazetini, kitabu chake kinachofuata kimepita tarehe ya kukabidhiwa, na haandiki. Daktari anamwandikia Ritalin, ili imsaidie kutuliza akili kwenye kazi na pia kuiongezea nguvu dawa ya sonona. Inafanya kazi. Kisha anaanza kuvisaga vidonge na kuvivuta puani, kokeini inafuata, na kitabu kinageuka kuwa hadithi ya uraibu.

Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa ya vitabu hivi kama jozi. Swali la umakini linaingizwa kwa mlango wa nyuma, kama msaidizi wa sonona, na kabla halijapewa kiti linafunikwa na uraibu. Sisemi kwamba Wurtzel alikuwa na ADHD. Mhakiki hana leseni ya kupima wagonjwa, na mwandishi alifariki mwaka 2020. Ninachosema ni kwamba umbo la masimulizi limeamua nini kiulizwe. Hadithi ya sonona ina kuanguka na kuinuka. Hadithi ya uraibu ina kuzama na kuokolewa. ADHD haina umbo hilo. Haina siku ya kuanguka. Ni kama mvua ya rasharasha isiyokatika: hakuna anayeitungia tamthilia, ila nguo hazikauki.

Tofauti hii ya umbo imo pia katika karatasi za hospitali, ambazo zinafaa kusomwa kama maandishi mengine yoyote. Dodoso linalotumika sana duniani kupima sonona, PHQ-9, ambalo limetafsiriwa pia kwa Kiswahili, lina maswali tisa. Yote yanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3. Kuna swali la usingizi, la uchovu, la kujiona umeshindwa maishani, la kushindwa kuzingatia unachosoma au unachotazama, na swali linalouliza kama umekuwa mzito mno au, kinyume chake, hutulii. Mtu mwenye ADHD isiyotibiwa anaweza kujipatia alama 2 kwenye usingizi, 2 kwenye uchovu, 2 kwenye kujiona ameshindwa, 3 kwenye umakini na 2 kwenye kutotulia. Jumla 11. Alama 10 ndizo zinazotumika kwa kawaida kama mpaka wa kushuku sonona ya kiwango cha kati. Amevuka mpaka, ingawa wiki mbili hizo hakuwa na huzuni, wala hakupoteza hamu ya mambo anayoyapenda.

Daktari makini atayaangalia maswali mawili ya kwanza, yanayohusu huzuni na hamu, na ataona kitu hakilingani. Lakini foleni ikiwa ndefu, jumla ndiyo inayosomwa. Karatasi haikudanganya. Iliuliza habari za wiki mbili, ikajibiwa habari za wiki mbili.

ADHD huulizwa kwa wakati mwingine wa kisarufi. Mwongozo wa uchunguzi wa Marekani, toleo la mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Hata dodoso la watu wazima lililotengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 18, linatazama miezi sita. Utoto unabaki kuulizwa kwa mdomo. Kwa Kiswahili tuna maneno yanayobeba tofauti hii vizuri. Mwenye sonona husema "siku hizi": siku hizi sisomi, siku hizi nasahau, siku hizi sina hamu. Mwenye ADHD husema "tangu": tangu darasa la kwanza napoteza kalamu, tangu nikumbuke naanza vitu vitano na kumaliza nusu. Na swali linalotenganisha mawili hayo tunalijua wote, tumeulizwa kila tulipoenda zahanati na homa: tangu lini?

Ugumu ni kwamba mara nyingi majibu yote mawili ni ya kweli. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulikadiria kuwa asilimia 4.4 ya watu wazima waliopimwa walikuwa na ADHD. Miongoni mwao, zaidi ya theluthi moja walikuwa na tatizo la hisia, sonona ikiwemo, ndani ya mwaka huohuo. Kwa wasio na ADHD ilikuwa kama mtu mmoja kati ya tisa. Na takribani asilimia 11 tu ya wenye ADHD walikuwa wametibiwa ADHD yenyewe mwaka huo.

Njia inayounganisha hali hizi si ya kemia peke yake. Urithi wa vinasaba unachangia zote mbili. Lakini kuna njia nyingine ambayo yeyote aliyesoma shule zetu anaijua. Chukua maandishi mafupi kuliko yote anayosomewa mtoto kuhusu nafsi yake: maoni ya mwalimu wa darasa. "Ana uwezo, aongeze bidii." "Hajatulia." "Mzembe." Nyumbani anaambiwa samaki mkunje angali mbichi, na anakunjwa. Anayasikia hayo kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha mwisho. Akifika miaka 20 hahitaji tena mwalimu, amekwisha kuyahifadhi. Sonona inapokuja haitungi maneno mapya. Inayakuta yamo ndani, inayasoma tu kwa sauti.

Historia ya dawa nayo inakataa ukuta tunaoujenga. Mwaka 1937, daktari Charles Bradley wa Rhode Island aliwapa watoto 30 Benzedrine, aina ya amfetamini, na karibu nusu yao walibadilika ghafla katika masomo. Miaka hiyohiyo, Benzedrine ileile ilikuwa ikiuzwa kwa watu wazima kama tiba ya sonona nyepesi. Ritalin ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, aliyeipa jina la mkewe, Rita. Kabla ya kuwa dawa ya watoto wasiotulia, ilitolewa kwa uchovu na kwa sonona. Na atomoksetini, dawa ya ADHD iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002, ilitoka kampuni ileile ya Prozac, Eli Lilly, na ilianza safari yake kama jaribio la dawa ya sonona lililoshindwa. Kwa hiyo daktari wa Wurtzel aliyeongeza Ritalin juu ya dawa ya sonona hakufanya ajabu. Alikuwa anapita njia iliyokanyagwa kwa zaidi ya miaka 50.

Leo utaratibu unaopendekezwa ni rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza: tibu kwanza kinachomuumiza mtu zaidi. Ikiwa sonona ni kali, hasa kama kuna mawazo ya kujiua, inaanza yenyewe. Ikiwa ni nyepesi na inaonekana imezaliwa na kushindwa kwa kila siku, kuitibu ADHD kunaweza kuipunguza. Dawa za aina ya Prozac, zinazogusa zaidi serotonini, kwa kawaida hazisaidii sana umakini. Zikichanganywa na nyingine ni lazima daktari asimamie, kwa mfano Prozac huifanya atomoksetini ikae mwilini kwa kiwango kikubwa zaidi. Na mazungumzo ya tiba hayafanani: kwa sonona mtu husaidiwa kurudi kwenye shughuli na kuhoji mawazo yanayomhukumu, na kwa ADHD hufundishwa pia kalenda, orodha, na namna ya kuikata kazi vipande vidogo. Anayepewa nusu ya matibabu anaweza kuondoka akiamini kwamba amejaribu kila kitu.

Uchunguzi uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2016, uliofuatilia zaidi ya watu 38,000 wenye ADHD, ulikuta kwamba waliotumia dawa za ADHD walikuwa na hatari ndogo ya sonona miaka mitatu baadaye, pungufu kwa takribani asilimia 40. Uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi chanzo. Lakini unatosha kutufanya tusimkubali haraka Wurtzel wa kitabu cha pili, ambaye kwake Ritalin inaishia kuwa shetani. Kidonge kinachomezwa kwa kipimo hufika ubongoni polepole. Kikisagwa na kuvutwa hufika kwa dakika chache, na kasi hiyo ndiyo inayozaa uraibu. Kitabu kinaionyesha kasi hiyo kwa ukweli wa kutisha, na kila anayenunua vidonge vya mwenzake bwenini wakati wa mitihani angekisoma. Ila hakitengi sauti ya dawa na sauti ya namna ilivyotumiwa.

Kwetu Afrika Mashariki tofauti hii ina uzito wake. Prozac, kwa jina lake la kikemia fluoksetini, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa iliyomo ndani ya Ritalin iliombewa kuingizwa, na ikakataliwa mwaka 2019 na tena mwaka 2021, kwa hoja kwamba ushahidi wa faida na madhara yake haukutosha. Nchi nyingi hutazama orodha hiyo zinapopanga ununuzi. Matokeo yake yanatabirika: ugonjwa wenye dawa rafuni ndio unaoonekana. Lugha nayo imefuata. Sonona imepata jina la heshima, inatajwa redioni na magazetini. ADHD ina herufi nne za kigeni upande mmoja, na upande wa pili ina majina ya lawama: mtukutu, msahaulifu, hajatulia. Kijana anayeyakataa majina hayo hukimbilia video fupi za simu, ambako kila aliyesahau funguo anaambiwa anayo.

Ndiyo maana ninavipendekeza vitabu hivi kwa pamoja, pamoja na kasoro zao. Wurtzel alikuwa na kipaji cha kusema "siku hizi" kuliko waandishi wengi wa kizazi chake. Kitabu ninachokitamani bado, na ningependa kukisoma kwa Kiswahili, ni cha mtu atakayekuwa na subira ya kusema "tangu". Hakitakuwa na anguko kubwa wala wokovu. Kitakuwa na kalamu zilizopotea, ripoti za shule, kazi zilizoachwa katikati, na mtu aliyeamini kwa miaka 20 kwamba ni mvivu. Mpaka kiandikwe, swali hilo tunaweza kulibeba wenyewe hadi chumba cha daktari, na daktari akituuliza habari za wiki mbili, tumjibu, kisha tumwombe atusikilize za miaka iliyotangulia.