Kwenye picha ya zamani hakuna watu

Zile picha za "zamani na sasa" unazijua. Kushoto, Delamere Avenue: miti, barabara pana, magari machache yameegeshwa kama Jumapili asubuhi. Kulia, Kenyatta Avenue ya leo, jam na mabango. Chini yake mtu ameandika, "Tulikosea wapi?" na watu wanalia kwa emoji.

Hiyo ya tao sina noma nayo. Iliyonikera ni ya Kaloleni.

Kushoto, Kaloleni ya miaka ya 1940: nyumba fupi za mawe, paa za vigae, nyasi zimekatwa, ukumbi wa kijamii katikati. Kulia, mtaa huohuo leo: mabati, kamba za nguo, kibanda cha mboga, tangi la maji. Tunatakiwa tuone aibu. Mimi nilikuwa na swali moja tu: kwenye ile ya kushoto, watu wako wapi?

Ramani ya Kaloleni ilifuata wazo la mji wa bustani, la Mwingereza Ebenezer Howard: nyumba, nyasi na ukumbi, vyote karibu. Wazo poa. Lakini Nairobi ya wakoloni ilimhesabu Mwafrika kama mfanyakazi wa kupita. Kariokor ya kwanza ilikuwa mabweni ya wanaume, unapewa kitanda na basi. Kaloleni ilikuwa afadhali kwa sababu ilifikiria mke na watoto. Haikufikiria wajukuu.

Na hata barabara tupu ina historia yake. Tarehe 24 Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil. Askari waliizingira Nairobi, wakapita mitaa ya Eastlands wakisaka, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kizuizini. Ukiona picha ya miaka hiyo yenye mtaa safi sana, uliza kwanza nani alifagiliwa.

Sasa rudi kulia. Mabati kama hayo ndiyo yaliyojenga chumba cha shosho wangu. Alikipachika ubavuni mwa nyumba watoto walipozidi. Mjomba alitengenezea redio humo. Baadaye shosho akakipangisha, na kodi yake ikanilipia karo mpaka nilipoacha chuo mwaka wa pili. (Pole, shosho.) Kwa mpiga picha, chumba hicho ni uchafu. Kwetu ndicho kilichofanya nyumba itoshe.

Sisemi mtaa uko fiti. Majitaka yanafurika, vigae vimevunjika, choo ni cha kupanga foleni. Lakini nyumba iliyokosa matunzo ni kitu kimoja, na nyumba iliyoongezwa na wenye kuishi ndani yake ni kingine. Picha ya "sasa" inazitia zote kwenye gunia moja.

Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu mtaa ukishaitwa uchafu, tingatinga haliko mbali. Uliza Pangani. Kijiji cha zamani kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Miaka 80 hivi baadaye, nyumba za kaunti zenye jina hilohilo la Pangani nazo zikabomolewa, maghorofa yakapanda. Labda maghorofa yatawafaa watu. Lakini mara zote mbili kuna mtu aliyeutazama mtaa akaona kiwanja.

Ukumbi wa Kaloleni wazee waliubandika jina la House of Commons, kwa siasa zilizochemka humo. Picha ninazoletewa zinauonyesha kwa nje tu, kuta na paa, kana kwamba hakuna aliyewahi kupaza sauti ndani.

Kwa hivyo wewe mwenye kamera, picha mbili hazitoshi. Kuja upige ya tatu, saa kumi na mbili jioni, watu wakitoka job, mahindi yakichomwa, watoto wakigombania mpira kwenye ile nyasi iliyobaki. Na usituambie tupishe kwanza.