Alama ya + Katika ls -l na Herufi Tatu Zinazobadilika Maana

Anayekagua faili kwenye seva ya Linux huandika `ls -l`, akasoma herufi kumi za mwanzo, kisha akahamia kwenye jina la mmiliki. Herufi ya kumi na moja hurukwa kirahisi, ilhali ndiyo inayoamua kama zile kumi zimesomwa sawasawa.

Herufi ya kwanza hutaja aina ya faili. Tisa zinazofuata hugawanyika mara tatu: mmiliki, kundi na watu wengine. Mpango huo wa Unix haukuacha nafasi ya kumruhusu mtu mmoja tu aliye nje ya kundi. Pengo hilo lilizibwa na orodha za ruhusa, maarufu kama ACL. Rasimu ya kiwango chake, POSIX 1003.1e, iliachwa bila kupitishwa, lakini Linux iliifuata na kuiingiza kwenye kiini chake mwaka 2002.

Orodha ya ACL inaweza kuwa na mistari mingi, nayo `ls -l` hutoa mstari mmoja kwa kila faili. POSIX imetenga nafasi ya herufi moja tu baada ya zile kumi: huwa wazi pasipo na udhibiti wa ziada, na huwekwa alama ukiwepo. Katika `ls` ya GNU, alama ya + huonyesha ACL, na nukta huonyesha kwamba kuna lebo ya usalama ya SELinux peke yake. Kwenye macOS, @ huonyesha sifa za ziada za faili, nayo huifunika +. Kwa hiyo huko ACL hutafutwa kwa `ls -le`.

Tuchukue faili ya bajeti inayomilikiwa na Asha, kundi lake ni uhasibu:

`-rw-r----- asha uhasibu bajeti.ods`

Asha anataka Juma, asiye mhasibu, aweze kuihariri. Anaandika `setfacl -m u:juma:rw bajeti.ods`, na orodha inageuka:

`-rw-rw----+ asha uhasibu bajeti.ods`

Kwa mtazamo wa haraka, wahasibu wote sasa wanaweza kuandika. Si kweli. `getfacl` inaonyesha `group::r--`, `user:juma:rw-` na `mask::rw-`. Penye +, herufi tatu za katikati haziwakilishi tena ruhusa za kundi. Zinaonyesha mask, yaani kikomo cha juu ambacho kundi na watu waliotajwa kwa majina hawawezi kukivuka.

Hatari iko hapa. Msimamizi akiona `rw-` ya katikati, akaandika `chmod g-w` kwa nia ya kuwazuia wahasibu, hawaathiri hata kidogo, kwa sababu hawakuwa na ruhusa ya kuandika. Aliyenyang'anywa ni Juma. Mstari wake unabaki `rw-`, ila `getfacl` inaongeza pembeni `#effective:r--`.

Hata hivyo, uamuzi huo wa wabunifu ulikuwa wa busara. Zipo programu nyingi za zamani zisizojua ACL, ambazo hufunga faili kwa `chmod 600`. Kama herufi za katikati zingegusa kundi peke yake, Juma angeendelea kuingia huku programu ikiamini kwamba imefunga. Kwa kuzielekeza kwenye mask, amri ile ile ya zamani humfungia pia kila aliyetajwa kwa jina. Usalama ulipewa uzito kuliko wepesi wa kusoma.

Kwenye saraka, + inaweza kutokana na ACL ya kurithisha pekee. Hiyo haimpi mtu ruhusa juu ya saraka yenyewe. Hupanga ruhusa za faili zitakazoundwa ndani yake.

Basi ukaguzi wa ruhusa usiishie kwenye `ls`. Kila penye +, endesha `getfacl` kabla ya kugusa `chmod`, na ukishabadilisha iendeshe tena uone nani amebaki na ruhusa gani.