Mshikamano au Mwambato? Istilahi za Upimaji wa Rangi

Katika tafsiri za nyaraka zinazohusu rangi za kukinga chuma, neno mshikamano hubebeshwa maana mbili: nguvu ya rangi kuushika uso wa chuma, na nguvu ya rangi kushikana yenyewe kwa yenyewe. Wengine hukimbilia mnato. Kwa maoni yetu hitilafu hii si ya mtindo tu. Yaweza kumtwika mtu gharama isiyo yake.

Tuitazame kazi yenyewe. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa ISO 4624, kipande cha duara hugandishwa kwa gundi juu ya rangi iliyokwisha kukauka. Gundi ikishakuwa ngumu, kipande huvutwa wima mpaka king'oke, na mkazo uliohitajika huandikwa kwa megapaskali. Lakini tarakimu hiyo pekee haitoshi. Sharti mpimaji atazame palipoachia. Ikiwa rangi imebanduka na kuuacha uso wa chuma mtupu, aghalabu kasoro imo katika matayarisho: kutu, vumbi, mafuta au chumvi haikuondolewa. Ikiwa mkono mmoja wa rangi umepasuka ndani kwa ndani, sehemu ikabaki kwenye chuma na sehemu ikatoka na kipande, udhaifu umo katika rangi yenyewe, au katika uchanganyaji na ukaukaji wake. Ikiwa iliyoachia ni gundi, rangi haikushindwa. Tarakimu huonyesha tu kwamba uwezo wake haupungui hapo.

Mfasiri anayeandika "mshikamano umeshindwa" kwa hali zote tatu humnyima msomaji hukumu. Mhandisi hajui kama amwagize fundi apige msasa upya, amrudishie muuzaji rangi yake, au arudie kipimo.

Lugha yetu haina upungufu hapa. Kushikamana ni kauli ya kutendana. Basi mshikamano na ubaki kuwa nguvu ya ndani ya rangi, sehemu zake zinaposhikana. Kuambata ni kitu kukishika kingine kilicho tofauti nacho. Kutokana na mzizi huo, ambao watumishi wa serikali wanaujua katika kiambatisho cha barua, twapendekeza mwambato kwa nguvu ya rangi juu ya uso. Mnato hautufai: ulimbo hunata, na rangi mbichi hunata kidoleni; rangi iliyokauka vema hainati, ila imeambata.

Huenda ikasemwa kwamba mafundi husema tu rangi imeshika au imebanduka. Ni kweli, na maneno hayo yadumu kazini. Ripoti, hata hivyo, husomwa na mtu ambaye hakukiona kipande, naye hana shahidi ila neno. Hivyo yatupasa tuandike "mwambato umeshindwa", "mshikamano umeshindwa" au "gundi imeachia", kila moja mahali pake.