Maneno Marefu Yasiyo na Kazi

Kiswahili si lugha ya maneno mafupi, wala hatutaki mtu adhani kwamba tunahesabu silabi. Neno hawatatusahau lina silabi saba, na hakuna hata moja iliyolala. Iko ya kukanusha, iko ya wale wanaotajwa, iko ya wakati ujao, iko yetu sisi tutakaokumbukwa, kisha chaja kitendo chenyewe. Neno kama hilo ni mtumbwi wa Mndamba uliopakiwa mpunga: ni mrefu kwa sababu wabeba mzigo. Tunalolilalamikia ni mtumbwi mrefu usiobeba kitu, nao siku hizi wapita kila saa vinywani mwa watu wa bonde la Kilombero, tangu Kidatu hata Mlimba, na zaidi vinywani mwa sisi tuliosoma.

Mkulima wa kando ya mto aona mawingu, asema, “Mvua itanyesha.” Msomi aliyekabidhiwa kutangaza habari hiyo hiyo asema, “Kunatarajiwa kuwepo kwa hali ya unyeshaji wa mvua katika kipindi hiki.” Maneno mawili yamekuwa kumi na moja, na mvua haikuongezeka. Vivyo hivyo leo imekuwa siku ya leo. Chanjo imekuwa zoezi la uchanjaji. Hakuna maji imekuwa hali ya kutokuwepo kwa maji. Tulizungumza imekuwa tulifanya mazungumzo. Kitenzi kuweza kimepandwa kila mahali kama magugu: hatusemi tena “njoni mpate dawa,” bali “mnaombwa muweze kufika ili muweze kupatiwa huduma ya dawa,” kana kwamba twashuku miguu ya watu. Na neno zoezi, ambalo mwalimu alilijua kuwa kazi ya kumzoeza mtoto, sasa limebandikwa mbele ya uchaguzi, sensa, mazishi, hata usombaji wa mchanga.

Ugonjwa huu si wa Waswahili peke yao. Waingereza wameulalamikia tangu zamani. Ndugu wawili, H. W. Fowler na F. G. Fowler, katika kitabu chao The King's English cha mwaka 1906, waliwashauri waandishi wachague neno fupi kuliko refu. Na mwaka 1948 Ernest Gowers alitoa kitabu Plain Words, kilichoandikwa hasa kwa watumishi wa serikali, awafundishe kuwaandikia raia barua zinazofahamika. Lakini chanzo cha kwao na cha kwetu si kimoja. Mwingereza atakapo kujikweza huchukua neno la Kilatini au la Kifaransa, aliache la baba zake. Mswahili hana haja ya kwenda mbali. Ashika kitenzi chake mwenyewe, akitia u mbele na ji nyuma, na tazama, kutekeleza kumekuwa utekelezaji, kushirikisha kumekuwa ushirikishwaji, kuwezesha kumekuwa uwezeshaji. Lugha yenyewe yaruhusu, nayo ni karama yake kubwa. Kila karama ina watu wa kuitumia vibaya.

Kuna na sababu ya kihistoria. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulika hasa na kusanifisha tahajia, vitabu vya shule na kamusi. Baada ya Tanzania kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kazi za serikali, na Baraza la Kiswahili kuundwa kwa sheria ya mwaka 1967, maofisi yalihitaji maneno mengi kwa haraka. Karatasi zilizokuwa za Kiingereza zilifasiriwa, na mfasiri mwenye haraka hufuata jina kwa jina: palipo na jina la Kiingereza aliweka jina la Kiswahili, ingawa Kiswahili kingalipendelea kitenzi. Hatuwalaumu, kazi ilikuwa kubwa. Twasikitika tu kwamba lugha ya faili imetoka ofisini, ikapanda mimbarini, ikaketi darasani, na sasa inakula chakula pamoja nasi nyumbani.

Mtu aweza kuuliza, kuna madhara gani? Masikio ni ya msikilizaji, yakichoka, atalala. La, kuna madhara. Kitenzi cha Kiswahili hakikubali kumficha mtu. Ukisema “tulichelewa,” umejitaja. Ukisema “kulijitokeza ucheleweshaji,” hakuna aliyechelewa. Jambo limeota lenyewe kama uyoga. Ukisema “mtunza fedha amekula sadaka,” umesema neno zito, yakupasa uwe na ushahidi. Ukisema “kumebainika upotevu wa fedha,” fedha zimejipoteza zenyewe, mtunza fedha amekaa palepale pamoja na funguo zake, na baraza limefunga kikao kwa sala. Hapo neno refu si upuuzi tena. Ni mlango wa nyuma. Tena makasisi watatuelewa tukisema kwamba mwenye kuungama husema “nimeiba,” “nimesema uongo.” Hatujasikia mtu akiungama ushiriki wake katika upotoshwaji wa taarifa, na akija mmoja wa namna hiyo, kazi ya kwanza ya padre itakuwa kumfundisha sarufi.

Hata hivyo tusiwe kama mtu anayekata miti yote kwa sababu mmoja ulimwangukia. Umwagiliaji ni neno refu, lakini mkulima wa mpunga alitaja kwa neno hilo mifereji anayoiona kwa macho na zamu anazogombania na jirani yake. Upasuaji ni neno refu, na mgonjwa wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara ajua sana maana yake. Maneno haya yametaja kazi isiyokuwa na jina jingine. Lakini “uongezaji wa tija katika uzalishaji wa zao la mpunga” wataja nini kisichotajwa na “kuvuna mpunga mwingi zaidi”? Mtu yule yule anayefundishwa maneno hayo ana lugha yake iliyonyoka kama uzi: ukiwa shambani ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukipikwa ni wali, ulioganda chunguni ni ukoko, uliovunjika ni chenga, na maganda ni pumba. Hupura, hupepeta, hukoboa. Hapana neno hata moja hapo linalotaka kusaidiwa na zoezi.

Yuko shahidi mwingine wa bondeni humu, naye twamsikiliza kwa heshima. Kati ya mwaka 1996 na 2000 wataalamu wa afya wa Ifakara waliendesha katika wilaya za Kilombero na Ulanga kazi ya kueneza vyandarua vyenye dawa. Wangaliweza kuviita kwa jina la kutisha. Waliviita Zuia Mbu. Kitenzi kimoja, mdudu mmoja, amri moja. Bibi kizee asiyejua kusoma aliweza kwenda dukani akakitaja. Tena kabla ya kuhubiri walichunguza kwanza watu wenyewe huita magonjwa kwa majina gani, wakakuta kwamba wengi hawakuhesabu degedege kuwa jambo moja na malaria, wala hawakuifungamanisha na mbu. Fikirini basi mama ambaye mwanawe apigwa na degedege usiku, na ukutani pa zahanati pameandikwa habari za udhibiti wa maambukizi ya vimelea. Ni nani angemwambia kwamba habari hizo ni zake? Matokeo yalipopimwa, vyandarua vilionekana kuambatana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Hatusemi jina fupi ndilo lililowaokoa. Chandarua na dawa ndivyo vilivyookoa. Twasema chandarua kilipaswa kwanza kuingia nyumbani, na jina ndilo lililokipisha mlangoni.

Walimu wana nguvu kubwa katika jambo hili, kwa kuwa mtoto huandika kile kinachopewa alama. Insha ikijaa “kwa namna moja ama nyingine” na “suala zima la elimu,” nayo ikasifiwa kuwa ya Kiswahili cha juu, mtoto atakuwa mtu mzima akiamini kwamba kufikiri ni kunenepesha. Na ampe mwalimu mtoto huyo sentensi moja ya tangazo, amwulize: ni nani alitenda, na alitenda nini? Mara nyingi atakuta tangazo halina mtu ndani yake.

Neno moja tu kwa wale watakaotuunga mkono kwa bidii kupita kiasi. Tumesikia vijana wakidhihaki salamu za wazee wa Kipogoro na Kibena, zinazouliza nyumba, watoto, shamba na njia uliyokuja nayo, wakisema kwamba huo nao ni urefu usio na kazi. Hilo tunalikataa. Mshenga anayeingia nyumbani kwa watu kumposea kijana wake huzunguka kwa maneno mengi kabla ya kumtaja binti, na hakuna hata mmoja katika nyumba ile, kuanzia baba hadi shangazi aliyejificha nyuma ya pazia, anayetaka afanye haraka.