Sambusa Huanzia Pembeni

Ramadhani Kismayo, jua likianza kuinama, harufu ya kitunguu na mafuta ya moto hutangulia adhana. Wasomali huiita sambuus. Wabajuni wa visiwa vya Chula na Koyama, kama pwani yote, husema sambusa. Nikiwekewa sinia, siangalii rangi kwanza. Naangalia pembe.

Pembe iliyozibwa vyema kwa uji mzito wa unga haipitishi hata tone. Yenye tundu la sindano hunywa mafuta, ukiiminya yanakutiririkia kiganjani. Ilaze juu ya karatasi, uhesabu hadi 30. Karatasi ikilowa chepechepe, jua ilitumbukizwa karaini mafuta hayajapata moto. Sambusa ni lazima ilindwe na manda.

Manda ni chapati nyembamba zilizopangwa pamoja, zikapakwa mafuta na kunyunyiziwa unga katikati, zikaonjeshwa moto kwenye tawa, kisha zikabanduliwa mojamoja zingali na joto. Nzuri huvunjika kwa mlio, haina vipele, wala haitafuniki kama ngozi.

Nyama iwe ya ng'ombe, mbuzi au ngamia, ikaushwe maji yote kabla ya kufungwa. Lakini visiwani mtihani ni samaki. Akishachambuliwa, huna jicho wala matamvua ya kukagua. Basi vunja sambusa katikati, uinuse kabla ya kukamulia ndimu. Bizari ikikupiga puani kuliko samaki, pana jambo linafichwa: huyo alilala. Kitunguu nacho kitiwe moto ukishazimwa, kilie chini ya jino. Kikizidi nyama, umeuziwa kitunguu.

Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alisimulia wali wa samli na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Sambusa aliieleza alipokuwa Bara Hindi: nyama ya kusaga, lozi, pistachio na vitunguu, ikakaangwa kwa samli. Lozi zake simwonei wivu. Nguru mbichi wa asubuhi ananitosha.

Ukienda kununua futari, usikubali ya juu ya lundo. Omba inayotoka karaini sasa hivi, uivunje hapohapo, muuzaji akikutazama.